Siku Walipoupeleka Mchi kwa Jirani

Nawaandikia wenzangu wa kliniki ya sukari, hasa mlioanzishiwa sindano ya kupunguza uzito. Mimi ni mkazi wa Handeni, mzaliwa wa kwanza kati ya watoto watatu. Baba alitangulia, mama akafuata nikiwa darasa la sita. Shule sikurudi. Nilishika mchi, nikatwanga mahindi ya makande na kuuza chakula karibu na stendi. Kwa makande hayo mdogo wangu Rajabu alifika hadi kuwa dereva Dar es Salaam, na Zaina, mdogo wetu wa mwisho, akawa mwalimu Korogwe.

Mama naye alikuwa na sukari. Mwaka wake wa mwisho aliumalizia mkekani. Kila alipotaka kujisaidia, mimi ndiye niliyemwinua, mikono yangu chini ya makwapa yake, naye akigeuza uso pembeni asinitazame. Alipozikwa nilijiapia kwamba mimi hataniinua mtu.

Nilipofika miaka arobaini na mitano nilikuwa na kilo mia moja na kumi na nane. Magoti yaliwaka, na kutoka nyumbani hadi kisimani nilipumzika mara tatu. Sukari ilikataa kushuka kwa vidonge. Daktari akaniambia, "Utajichoma hii tumboni, mara moja kwa wiki. Hamu ya chakula itapungua. Lakini usiache kula, na usiache kuushughulisha mwili." Maneno yake ya mwisho niliyapokea kama mtu anavyoambiwa safari njema. Niliitikia, nikaondoka.

Wadogo zangu walipopata habari, walikuja wote wawili. Kwetu mtoto akishakua, shukrani yake ya kwanza ni kumwondolea mlezi kazi mkononi. Rajabu alisimama jikoni akauangalia mchi.

"Dada, umetutwangia miaka thelathini. Imetosha."

Akaubeba begani hadi kwa jirani, Mama Saidi. Zaina akanichukua nikakae kwake Korogwe. Nilifurahi, sitaficha. Sikuwahi kuletewa chai kitandani.

Sindano ilifanya kazi. Nilicheua harufu ya yai viza, nikakaa siku tano bila choo, na chakula kilinichukiza. Nusu kikombe cha uji kilinishibisha hadi jioni. Kilo zilishuka, khanga ikaanza kunizunguka mara mbili, na Zaina akawapigia simu ndugu wote. Mimi nilikaa barazani tu. Nikinyanyuka kufagia, ananinyang'anya ufagio.

Halafu mapaja yakaanza kuning'inia kama mifuko iliyomwagwa unga. Nilishindwa kufungua kifuniko cha chupa ya chai. Nusu ndoo ya maji haikunyanyuka. Jirani mmoja akaniuliza, "Dada wa mwalimu, siku hizi unakula au unaliwa?" Nilicheka naye. Nilipoingia ndani nilijitazama kwenye kioo, sikucheka tena.

Asubuhi moja Zaina akiwa shuleni, niliingia chooni, choo cha kuchuchumaa. Nilipomaliza, miguu ilikataa. Nilijaribu kushika ukuta, mikono nayo ikaachia. Nikaangukia makalio kwenye sakafu ile yenye maji. Niliita hadi sauti ikakauka. Zaina alinikuta aliporudi saa saba mchana, nimejichafua. Aliingiza mikono yake chini ya makwapa yangu.

Niliijua ile mikono. Nikageuza uso pembeni.

Hospitalini daktari wangu yule yule aliniambia nikunje mikono kifuani niinuke kwenye kiti. Sikuinuka.

"Kilo ulizopoteza si mafuta peke yake," alisema. "Umepoteza na misuli. Unakula nini?"

"Uji."

"Na kazi gani unafanya?"

Zaina alinijibia, tena kwa fahari. "Hafanyi kitu, daktari. Hata kikombe haoshi."

Daktari aliweka kalamu chini. "Mwalimu, mnampenda vibaya."

Zaina alilia njia nzima. Mimi nilishindwa kumbembeleza, maana kosa lilikuwa letu sote.

Sindano haikusimamishwa, ila dozi haikuongezwa. Nilipangiwa kula kidogo kidogo mara nyingi: maharage, mayai, dagaa, maziwa ya ng'ombe kutoka kwa mama wa Kimasai aliyepita kila asubuhi akiuza. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo alinifundisha kuinuka kitini, kusukuma ukuta, kutembea na kidumu cha lita tatu kila mkono. Kiti kiliwekewa mito miwili, kisha mmoja, kisha hakuna. Zaina alinihesabia kama wanafunzi wake.

"Nane. Tisa. Hiyo siihesabu, Dada, umejisukuma kwa mkono. Rudia."

"Shikamoo mwalimu," nikamwambia. Nikarudia.

Kuna siku nililia kwenye kile kiti. Kuna wiki ambazo hakuna kilichobadilika. Baada ya miezi minne nilirudi Handeni, nikaenda kwa Mama Saidi.

"Nilijua utaufuata," alisema. "Nimeufanya komeo la banda la mbuzi."

Nilitwanga mara tano nikakaa chini. Kesho yake mara sita.

Sikuyapata yote niliyopoteza. Mguu wa kushoto bado mnyonge, na sukari itakuwa nami hadi kaburini. Namshukuru Mungu, yule daktari na wadogo zangu. Nanyi mnaochomwa sindano hii, nawaomba: mkiona uzito unashuka, pimeni na nguvu. Jaribuni kiti. Kuleni hata msipotamani, na mkishindwa kuinuka msione aibu kurudi hospitali mapema, msisubiri choo kiwaumbue kama mimi. Na anayetaka kukushukuru, mwambie akusaidie kazi, asiimalize.

Likizo iliyopita Zaina alinikuta mkekani nachambua mahindi. Aliponiona najiandaa kuinuka, mikono yake ilitangulia.

"Niache," nilimwambia.

Aliificha nyuma ya mgongo. Nilipiga goti la kulia, nikangoja pumzi, nikasukuma. Ilichukua muda mrefu, na muda wote huo nilimtazama usoni.