Chupa ya Katibu

Katibu wa chama cha wakulima wa soya hapo Mhezi hutembea na chupa ya jemu na chumvi kavu aliyoifunga kwenye pindo la kanga. Tangu biashara ya mazao iachiwe watu binafsi, mnunuzi Salehe hupanda na lori lake kutoka Same, hung'ata punje moja, hutema, husema, "Mbichi hii. Nusu bei." Katibu habishani. Hutia soya chupani, huongeza chumvi, hutikisa macho yamefumbwa nusu, kama anayebembeleza mtoto wa mwenzake. Chumvi isiposhika kioo, humsogezea puani. "Kavu, Salehe. Bei ni ile ile ya chama." Vidole vyake vimechanika kwa chumvi hiyo.

Msimu huu magunia arobaini yalipita. La arobaini na moja, la mwisho, chumvi ikaganda kwenye kioo. Salehe akachangamka, gunia moja bichi lingemtosha kushusha bei ya mzigo mzima. "La nani hili, mama?" Wakulima wakainamisha vichwa. Katibu akafuta chupa, akatikisa upya. Ikaganda tena.

"Langu. Lishusheni."

"Angeanika saa ngapi?" mama mmoja akanung'unika. "Wiki nzima alikuwa majumbani kwetu na hiyo chupa."

Salehe akalipa yale mengine bei kamili, shingo upande.

"Njoo wiki ijayo, litakuwa limekauka," katibu akamwambia.

"Wiki ijayo sipandi huku, mama."

"Najua," akasema, akaanza kufunga chumvi yake.