Juu ya Mti au kwa Miguu

Mama alikuwa hali. Sisemi kwamba alikuwa hagusi chakula kabisa. Alikuwa anamega matonge mawili, anayasindikiza na mboga kidogo, halafu anafunika sahani yake kwa sahani nyingine na kusema atamalizia baadaye. Hiyo baadaye haikuwahi kufika. Nilimleta Toronto baada ya baba kufariki kwa sababu nilishindwa kumwacha peke yake Kondoa kwenye nyumba ile, na sasa nilikuwa namwona anapungua mbele ya macho yangu, hapo hapo kwenye ghorofa letu la St. James Town. Magauni yaliyomkaa vizuri siku aliyotua yalikuwa yanamning'inia mabegani. Daktari alimpima kila kitu akasema hana ugonjwa wowote. Nilimkasirikia yule daktari, ingawa alikuwa ameniletea habari njema.

Siku moja uvumilivu ukaniishia, na mimi uvumilivu wangu ni mfupi. Nikamwambia, "Mama, sema basi unataka kula nini. Hata kama kiko mwisho wa dunia nitakutafutia."

Akasema, "Nyama ya porini. Ile ya baba yako."

Baba alikuwa na gobole na alikuwa anapenda mno kwenda porini. Hilo nilikuwa nalijua kwa kusikia, maana mimi nilikulia kwenye shule za bweni, nyumbani nikija likizo tu. Sijawahi kushika hata manati. Lakini nilikuwa nimeshatamka, na mama alikuwa ameshanitazama kwa macho ya kuamini. Nikasoma kozi zinazotakiwa, nikafanya mitihani, nikapata leseni, nikanunua bunduki na koti la rangi ya chungwa ambalo hata kipofu angeliona. Nyama ya dukani ingekuwa rahisi zaidi, najua. Usiniambie.

Mwenzangu alikuwa Mkenya ninayepakia naye mizigo kule Malton, karibu na uwanja wa ndege. Yeye leseni alikuwa nayo kabla yangu na alikuwa ametazama video zote za uwindaji zilizopo duniani, ingawa kulungu mwenyewe alikuwa bado hajampiga. Tukakubaliana kwenda kaskazini, kwenye msitu wa serikali ambamo mtu yeyote mwenye leseni anaruhusiwa kuwinda. Hakuna kati yetu aliyewahi kufika huko.

Kabla sijatoka, mama akanipa masharti yake. Atakayepiga ni mimi, si rafiki yangu Mkristo, hata kama ni mtu mwema. Nikipiga nitaje jina la Mungu. Nikimkuta mnyama bado anapumua, nimchinje upesi nikimwelekeza kibla. "Na bismillahi uiseme kwa sauti, baba," akaongeza. "Ya moyoni mimi siitaki. Nataka nikila niwe na hakika."

Ndani ya gari Mkenya akanieleza kwamba njia ni tatu. Ya kwanza ni kupanda mti, kukaa kwenye kiti maalumu kinachofungwa kwenye shina, na kusubiri kulungu apite chini. Ya pili ni kunyemelea kwa miguu, polepole, upepo ukikupiga usoni ili asikunuse. Ya tatu ni kusukuma: mmoja anapita msituni akipiga kelele, na wanyama wanamkimbilia mwenzake anayewangoja upande wa pili. "Chagua tu, buda," akasema. "Wewe ndiye unapiga."

Nikachagua mti, kwa sababu nilipenda wazo la kukaa. Baadaye nikawaza: kulungu akianguka bado ana roho, mimi nitashukaje upesi na kisu mkononi bila kujichinja mwenyewe? Nikabadilisha, nikasema tunyemelee. Mkenya akaniangalia miguu, akaniuliza kama nimewahi kutembea bila kusikika. Kweli, hata mama huniambia natembea kama nabeba kabati. Basi tukasema tusukume. Tukaridhika na hilo muda wote wa safari, mpaka tulipofika tukakuta magari ya watu wengine yamejipanga pembeni ya barabara.

Hapo ndipo akili yangu iliponiacha. Msitu ni wa watu wote, maana yake watu wote wamo humo ndani na bunduki zao, na wewe hujui yupi yuko wapi. Utamsukuma kulungu aende kwa nani? Tukafuta kusukuma. Tukarudi kwenye mti. Mti ambao Mkenya alikuwa ameuchagua kwenye ramani tangu Toronto tukaukuta una mzee juu yake, amekaa na koti lake la chungwa, akatupungia mkono kwa adabu ya mtu anayetamani uondoke. Tukaondoka. Majani makavu yalikuwa yanalia chini ya buti zangu na nikaanza kuyachukia moja moja.

Nikatoa simu kutafuta upepo unatoka wapi na kibla iko wapi. Upepo ulikuwa unatoka magharibi. Kibla ilikuwa kaskazini mashariki. Nikasimama nageuka huku na huku na simu mkononi. Nikielekea upepo, kibla iko nyuma ya bega. Nikielekea kibla, harufu yangu inasafiri mbele kumwarifu kulungu.

"Samahani," Mkenya akaniuliza. "Unataka kumpiga huyu mnyama ama unataka kuswali naye?"

Nilikuwa nimechanganyikiwa kabisa, nina baridi, na nilikuwa namfikiria mama na ile sahani iliyofunikwa. Ningerudi nimwambie nini? Tukakaa chini kwenye gogo lililoanguka, bila njia yoyote kati ya zile tatu, tukafungua chupa ya chai.

Sijui tulikuwa tumenyamaza kwa kuchoka au kwa kununiana. Mkenya akanigusa goti. Mbele yetu, kati ya miti myeupe, alikuwa amesimama kulungu. Mkubwa, ametulia, anakula zake majani. Nikaweka kikombe chini. Nikainua bunduki kama nilivyofundishwa. Nikamwona mama amekaa mezani, sahani imejaa, anakula. Nikavuta pumzi.

"Bismillahi, Allahu akbar," nikasema, kwa sauti, kama nilivyoagizwa.

Kulungu akainua kichwa, akanitazama, akasimamisha mkia wake mweupe, akapotea. Bunduki hata sikuifyatua. Mkenya akamimina chai iliyobaki. "Buda," akasema kwa upole, "ungemwandikia tu barua."

Tukarudi. Nyumbani nikamkuta mama ameshapika ugali na mlenda, ananisubiri. Hakuuliza nyama iko wapi, mikono yangu mitupu alikuwa ameiona. Aliuliza, "Ilikuwaje?"

Nikaanza kumweleza kwa hasira, nikitarajia atasikitika. Nikamweleza mti, mzee juu ya mti, majani yenye kelele. Akaniuliza upepo ulikuwa unatoka wapi. Nikamwambia. Akauliza kulungu alikuwa dume au jike, alisimama amegeukia wapi, sisi tulikuwa tumekaa vipi. Nilipofika kwenye bismillahi akacheka mpaka akashika kifua. Kicheko hicho sikuwa nimekisikia tangu msiba.

"Baba yako naye alikuwa hivi hivi," akasema akijifuta macho. "Wewe ulikuwa shule, hujui. Unadhani alikuwa analeta nyama? Mara moja moja. Siku nyingine zote alikuwa anarudi na maneno tu, na mimi nakula mlenda wangu namsikiliza mpaka chakula kinaisha."

Nikatazama sahani yake. Ilikuwa tupu. Alikuwa amekula yote wakati naongea na wala mwenyewe hakutambua, na sasa alikuwa ananyoosha mkono kwenye ugali uliobaki.

Sikutaka kusema kitu kitakachomfanya aache. Nikamwambia Mkenya anataka twende tena Jumamosi, na kwamba mpaka sasa sijui nipande mti au niende kwa miguu.

"Nenda vyovyote utakavyo," mama akasema, huku anamega tonge. "Ila bismillahi useme kwa sauti."