Mkono wa Lamduan

Thawin alikuwa ametimiza miaka ishirini na sita akihudumu katika chumba cha anatomia, ambako wanafunzi hupasua maiti ili wajifunze, cha chuo kimoja cha udaktari, Chiang Mai, mkewe Lamduan alipoanza kuangusha vijiko. Lamduan aliuza tambi sokoni, na hakuna aliyemfikia kwa wepesi wa mikono. Sasa kidole gumba kiligoma.

"Leo umenipikia au umenimwagia?" Thawin alimtania.

"Kula huko! Ukitaka meza safi, oa nesi."

Hospitalini wakaambiwa kwamba seli zinazoamuru misuli zilikuwa zinakufa, na dawa ya kuzirudisha hakuna. Nyumbani Lamduan akataka aelezwe kwa lugha ya sokoni. Thawin akapitisha kidole kutoka shingoni mwake hadi kiganjani.

"Seli yenyewe inakaa hapa, ndani ya uti wa mgongo. Ina mkia mwembamba kuliko unywele, unafika mpaka huku kwenye gumba. Ujumbe unapita humo kama umeme. Mwisho wa mkia pana upenyo, mkia haugusani na msuli. Basi unamwaga kemikali kidogo, msuli unaipokea, unajikunja."

"Na mimi?"

"Wanaotuma ujumbe wanakwisha. Msuli unangoja tu, unakonda."

"Mbona kidole chako nakisikia?"

"Hizo ni neva nyingine, za kupeleka habari kwenye ubongo. Ziko nzima."

"Basi usikiondoe," Lamduan akasema.

Kabla sauti haijamwisha, aliamua kwamba akifa mwili wake upewe chuo, wanafunzi wajifunzie. Thawin ndiye aliyelishika gumba lile na kuligandamiza kwenye karatasi ya ridhaa. "Wenzangu unawafunika vizuri kila siku," Lamduan alimwambia. "Nami unifunike hivyo hivyo."

Miili ile wanafunzi huiita Walimu Wakuu, na huinama mbele yake kabla ya kushika kisu. Lamduan alifariki, na zamu yake mezani ilipofika, profesa alimsihi Thawin achukue likizo. Akakataa, aliomba tu ahudumu meza nyingine.

Wiki ya tatu, mwanafunzi aitwaye Phimchan akamwita. "Mjomba, hebu tazama! Neva ya mkono naiona nzima, lakini misuli ya gumba imekwisha kabisa. Imekuwaje?"

Thawin akasogea. Akaeleza habari za seli na mkia na upenyo, maneno yale yale aliyomwambia Lamduan.

"Mjomba, umejuaje yote hayo?"

"Nilimlisha kwa kijiko miaka miwili. Ni mke wangu."

Phimchan akairudisha neva mahali pake taratibu, akavua glavu, akakutanisha viganja na kuinama. "Alikuwa mtu wa namna gani?"

"Mdomo mchafu," Thawin akasema, machozi yakimtoka. "Na mteja asiye na kitu hakumrudisha kamwe."

Masomo ya meza ile yalipokwisha, Januari, wakauchoma mwili wake hekaluni kwa desturi ya Wabudha, wanafunzi wote wamevaa mavazi meupe. Watu walipotawanyika Thawin alibaki mpaka majivu yakapoa, akitamani hata siku moja tu ya ule uchovu wa kumgeuza kitandani.