Protini ya Uvimbe

Daktari alitusomea majibu ya kipimo, mimi na kaka yangu. "Mzee, kinyama tulichokata kwenye njia ya haja kubwa kina protini fulani kwa wingi. Uvimbe wenye alama hiyo ni mkorofi. Hata ukitolewa unaweza kurudi. Tutaanza na mionzi. Sasa kale ushibe. Ukija dhaifu, hatuanzi."

Kaka alisikia neno moja tu. Tulipopanda nyumbani Kilema akapiga marufuku protini: nyama, maharage, maziwa. "Unaulisha uvimbe," aliniambia. Nilimtii, maana ndiye aliyenilea. Nikala ndizi tupu hadi suruali ikashikiliwa na kamba.

Siku ya kumi, binti yangu aliniletea jagi la maziwa. Kaka akatokea mlangoni na bakora.

"Shikamoo, baba mkubwa."

"Marahaba, muuaji!"

Bakora ikashuka. Nilisikia mfupa wa mkono wa binti ukikatika. Jagi likapasuka, kaka akainua bakora tena. Mimi, niliyefundisha katekisimu tangu ujana, nikashika panga la kukatia majani ya ng'ombe, nikampiga. Nililenga kichwa, nimekwisha kuungama, kwa hiyo naandika. Nilipata sikio, likabaki linaning'inia.

"Kata na la pili!" alinguruma, damu ikimjaa shingoni. "Nisisikie upuuzi wenu!"

"Hata hilo la kwanza halikumsikia daktari!" binti akamjibu huku akilia.

Tulishuka Moshi watatu kwa gari moja: kaka kushonwa sikio, binti kufungwa plasta, mimi kupimwa uzito.

"Protini ile haitoki kwenye sahani, wazee wangu," daktari alisema. "Uvimbe unaitengeneza wenyewe. Huyu mnamuua kwa njaa." Mionzi ikaahirishwa.

Jumapili baada ya misa kaka alikuja na jani la isale. Kwetu, anayekuja na isale hanyimwi msamaha. Alinipita, akampa binti yangu, naye akalipokea kwa mkono mzima. Nikaenda mpakani mwa kihamba, shamba letu la migomba, nikachuma langu, nikampelekea kaka.

"Na wewe?"

"Sikio si lilikuwa lako?"

Akalipokea, akanisukumia bakuli la supu ya mbuzi. "Kula basi. Uvimbe ukirudi, utukute tumeshiba."

Mwezi uliofuata mizani ilinikubali, namshukuru Mungu. Siku ya kwanza ya mionzi kaka alinisindikiza. Kila neno la daktari aliliuliza mara mbili, akimgeuzia sikio zima.