Beseni Juu ya Unyayo

Karani wa ujirani mwema wa hifadhi ya wanyama ana mikono isiyojua jembe na sauti ya mtu anayebembeleza mtoto wa mwenzake. Mjane mwenye shamba mpakani ameshamsoma. Ukimletea shida yoyote atapangusa miwani kwa ncha ya shati, kisha atasema, "Tunalifanyia kazi, mama." Tembo walipolimaliza shamba lake, karani alimwagiza aufunike unyayo mmoja usifutike, kwani bila kipimo cha unyayo fomu ya fidia haijazwi. Mjane akaufunika kwa beseni lake la kufulia na jiwe juu. Akasubiri wiki tano, na subira haikuvuta heri yoyote. Mvua ikaja, naye akapanda upya, maana mvua haimngoji karani.

Siku karani alipofika, alipiga magoti, akalifunua beseni taratibu, akaupima unyayo kwa kamba yake yenye mafundo, mara mbili. Akaridhika. Kisha akainua uso, akayaona mahindi machanga yamefika magotini.

"Mama, unyayo upo. Ila uharibifu siuoni."

"Kwa hiyo ulitaka nikae na njaa mpaka uje uuone?"

"Hapana, mama. Tunalifanyia kazi." Akalirudisha beseni na jiwe lake, akasema lisiguswe, mkubwa wake atataka kujionea mwenyewe.

"Na mimi nifulie kwenye nini?"

Karani akapangusa miwani, akaigeuza fomu mbele na nyuma, akitafuta mahali pa kuliandika hilo.