Memori Iliyowaka Mjini Ikakataa Waithaka

Nina hasira za karibu, sikatai, na ndugu zangu wote wanalijua hilo. Lakini hasira niliyokuwa nayo wiki ile sikuzaliwa nayo. Nilitiwa na mtu, na mtu huyo alikuwa akiniita madam.

Mume wangu ni mchoraji wa ramani za nyumba. Ofisi aliyokuwa akifanyia kazi ilifungwa, na tangu hapo akawa anachorea sebuleni kwetu Waithaka, kwenye kompyuta ya mezani iliyotumika Ulaya miaka mingi kabla haijatufikia. Kazi zilikuwa za kubahatisha: vyoo vya ploti, kibanda cha duka, ukuta wa kanisa. Halafu akapata mama mmoja wa Kitisuru aliyetaka nyumba nzima, ya ghorofa, yenye ngazi ya kuzunguka. Mama huyo alisema wazi kwamba akiipenda ramani, atampeleka mume wangu kwa marafiki zake. Kazi hiyo ndiyo ingemrudisha kuwa mtu anayetafutwa na wateja. Hakusema hivyo, lakini alianza tena kunyoa ndevu asubuhi, hata siku ambazo hakuwa na pa kwenda.

Shida ikawa ngazi. Kila alipoigeuza nyumba kwenye skrini ili aione ngazi kutoka chini, kompyuta iliganda. Alingoja, akaizima, akaanza upya. Memori ni ndogo, aliniambia, na programu ya kuchorea inataka nafasi. Nikamwambia yeye achore tu, memori nitaileta mimi, kwa kuwa mimi ndiye ninayeamkia mjini kila siku na maduka ya kompyuta yako nyuma ya ofisi yetu.

Sasa, mjini kwetu hununui kitu cha stima kabla hakijajaribiwa mbele yako. Hata balbu, muuzaji anaichomeka kwenye soketi ya dukani, inawaka, mnaiangalia wote wawili, ndipo inarudishwa kwenye boksi lake. Baada ya hapo ni yako, na ikizimika ukifika nyumbani ni shauri yako na nyumba yako. Kila mtu anaujua mpango huo na anaukubali. Mimi mwenyewe niliuamini kuliko risiti.

Muuzaji alikuwa na kibanda kwenye jumba moja lililokatwakatwa vibanda, ghorofa ya pili. Nilimwonyesha kwenye simu picha ya memori yetu ya zamani, kile kijibao chembamba kinachochomekwa ndani ya kompyuta. Akaiangalia kidogo, akasema anazo kama hizo, kubwa zaidi. Akachomeka mbili kwenye mashine yake iliyokuwa juu ya kaunta, akaiwasha, akanigeuzia skrini nisome. Memori yote ilionekana. Akauliza kama nimeridhika, nikasema nimeridhika, na nikatoka pale nimejaa fahari kama niliyezitengeneza mwenyewe.

Nyumbani, mume wangu alitandika gazeti mezani. Alikwenda kunawa mikono kwa sabuni, akajifuta kwa taulo safi, akarudi na kukaa. Ndivyo alivyo na ndivyo mama yake alivyowalea kule Machakos: kazi ya maana haishikwi kwa mikono ya sokoni. Akafungua kifuniko, akatoa memori ya zamani, akabonyeza zile mpya mpaka vibanio vikashika pande zote mbili. Akawasha.

Kompyuta ikalia. Mlio mmoja mrefu, kimya, mlio mwingine mrefu, na skrini nyeusi ti. Akazitoa, akazirudisha. Akaweka moja peke yake, kisha nyingine peke yake. Akahamisha kutoka tundu hili hadi lile. Akatoa kile kibetri kidogo cha ndani, akangoja, akakirudisha. Akasugua meno ya dhahabu ya memori kwa raba ya penseli, kama mafundi wanavyofanya. Mlio ulikuwa uleule. Aliporudisha ya zamani, kompyuta ikawaka bila neno, polepole kama ilivyozoea.

Akampigia muuzaji, simu ikiwa kwenye spika, mimi nimesimama nyuma yake. Alimweleza yote kwa utaratibu na kwa heshima, jambo ambalo mimi nisingeliweza.

"Mzee, hiyo umeichoma," muuzaji alisema. "Hapa kwangu iliwaka, na madam aliiona na macho yake. Uliishika aje? Ulikuwa umenawa mikono?"

"Nilinawa," mume wangu alisema.

"Basi ni hiyo. Unyevu na stima ya mwili. Pole, mzee."

Simu ikakatika. Mume wangu akabaki akiviangalia viganja vyake. Nilimwambia huyo anamchezea, mikono ilikuwa mikavu, nilikuwepo. Akasema labda haikukauka vizuri katikati ya vidole. Nikamwuliza tangu lini mikono yake ikaharibu kitu.

Kilichonichemsha si memori. Ni yaliyofuata. Gesi ilipokwisha jikoni, aliniita mimi nije nifunge mtungi mpya, yeye ambaye alikuwa hataki hata niuguse. Pasi ilipoanza kuruka cheche, alisema tutafute fundi. Akikaa kwenye kompyuta anatumia kidole kimoja, kama mgeni kwenye nyumba ya watu. Ramani ya Kitisuru ilisimama pale kwenye ngazi. Alisema mikono yake imezeeka kabla yake, akacheka, na sijawahi kuchukia kicheko kama kile. Mtu mmoja alikuwa amekaa kibandani kwake mjini, akatamka maneno mawili ya kujiokoa, na mume wangu akayachukua yote akayaweka moyoni.

Jumamosi nilikata shauri. Alinisihi nisiende, kwamba nitajiaibisha, kwamba watanionyesha tena ile mashine inayowaka. Nikaitoa kompyuta mezani, nikaifunga kwa leso, nikatia mkobani memori mpya na ya zamani, nikaondoka.

Muuzaji aliponiona nimeikumbatia alitabasamu. Kabla sijamaliza kusema, alishachomeka zile memori kwenye mashine yake ya kaunta. Ikawaka. Akainua mikono kama mwamuzi wa mpira. Watu wawili watatu wa vibanda vya jirani walikuwa wamekwisha simama kutazama.

Sekunde ile niliuona uongo wake na nikaushikilia. Nikamwuliza: kama mume wangu aliichoma, mbona inawaka? Tabasamu likapungua. Akasema basi mbovu ni kompyuta yetu. Nikamwambia aweke ya zamani humo ndani. Akaiweka, ikawaka. Akaweka zake, ikalia ule mlio mrefu, sasa mbele ya watu. Memori ni nzima, kompyuta ni nzima, na zikikutanishwa zinakataana. Mimi si fundi, lakini nimelea watoto na najua wawili wakikataana hivyo, kuna mtu anayejua sababu na amenyamaza.

Kwenye rafu nyuma yake kulikuwa na kompyuta nyingine ya kuuzwa, ndogo, ya kawaida, inafanana na yetu. Nikamwambia aziweke kwenye ile.

"Hiyo ina mwenyewe," alisema.

"Ziweke."

"Madam, nimekuambia hiyo imeshauzwa."

"Basi mwenyewe akija atanikuta hapa," nikasema, nikakalia kigoda chake cha wateja na kuweka mkoba mapajani.

Nilikaa. Mteja mmoja alikuja kuuliza chaja, nikamwambia angoje, bado tunajaribu memori. Wa pili alisikia hivyo akaondoka. Muuzaji akatazama huku na huku, akaishusha ile kompyuta ndogo, akaifungua, akachomeka. Ikalia mlio mrefu, kama yetu.

Akazima haraka. Kisha akaniinamia, sauti ikiwa chini, kana kwamba ananifanyia wema.

"Hizi ni za server, madam. Zile mashine kubwa za ofisi. Zinaingia kwa tundu lolote, lakini kufanya kazi ni kwa kubwa tu, kama hii yangu."

"Ulijua hivyo siku ile niliyonunua?"

Alijikuna shingo.

"Na ulijua hivyo ulipomwuliza mume wangu kama amenawa mikono?"

Sikungoja jibu. Nilimwambia achukue simu sasa hivi, ampigie mume wangu, amwambie kwamba hakuichoma. Hayo tu. Sikutaka kingine. Akaanza kupekua droo. Akatoa memori za aina yetu, kumbe alikuwa nazo, akazichomeka kwenye kompyuta yangu, ikawaka na kuonyesha memori yote. Akaifunga kwenye leso yeye mwenyewe, vizuri sana, akaniambia basi yaishe, tusikosane. Nikasema simu. Akasema haina haja, madam, si umepata unachotaka. Mara tatu nilidai maneno, mara tatu akanisukumia kompyuta. Mwishowe alitoka akaniacha na kibanda chake, akaenda kujificha sijui wapi, na mimi nikarudi nyumbani na memori sahihi na hasira yangu yote.

Mume wangu alikuwa amekaa sebuleni, hajanyoa. Niliunga nyaya nikiwa bado nimevaa koti, nikawasha, nikamgeuzia skrini. Nikamweleza mambo ya server, ya mashine kubwa na ndogo, ya yule mtu kujua tangu mwanzo. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Nilimpigia yule mama asubuhi," alisema. "Nilimwambia atafute mtu mwingine. Ameshanitumia ujumbe, amempata."

"Ulimpa sababu gani?"

"Kwamba nimeichoma memori mwenyewe."

Nilitaka kupiga kelele. Kazi imekwenda, sawa, kazi zinakwenda. Lakini kwamba alichukua uongo wa mtu mwingine akaenda kujishtaki nao kwa mdomo wake mwenyewe, tena kwa mteja, hilo sikulikubali. Nilivuta kiti mbele ya kompyuta, nikamwambia ahamie hapo. Nikamwambia afungue ramani.

"Ya nini sasa?"

"Fungua. Kwa mikono yote miwili."

Akafungua. Akaigeuza nyumba, na ngazi ikazunguka kutoka chini hadi ghorofani bila kukwama hata kidogo.

"Sasa sema hukuichoma," nikamwambia.

"Si umeshasema wewe."

"Nataka useme wewe."

"Sikuichoma," alisema, kwa sauti ya kuninyamazisha tu, macho yakiwa kwenye skrini. Nikabaki nimesimama pale na koti langu. Aliigeuza tena ile nyumba ambayo sasa ingechorwa na mtu mwingine, akasogeza daraja moja la ngazi lililokuwa limepinda, akalinyoosha, akaviangalia vidole vyake juu ya vitufe.

"Sikuichoma," alisema tena, na safari hii hakuwa akiniambia mimi.