Maua kwenye Choo cha Babu

Chokaa iliyoloweshwa hunuka kama mvua ya kwanza juu ya vumbi, pamoja na ukali kidogo unaopanda puani. Nikiinusa popote, hata kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi Dar es Salaam ambako hujifanya najua ninachonunua, narudi mara moja nyumbani kwa Babu, juu ya Lushoto kwenye njia ya kwenda Shume. Ulikuwa msimu wa baridi. Ukungu uliingia ndani asubuhi bila hodi na kuondoka saa nne, kama mgeni aliyekwisha kunywa chai. Nilikuwa darasa la tatu, nimepelekwa huko kwa likizo, na ni likizo hiyo ambapo Shangazi Damari, kitindamimba wa Babu, alitangaza mezani kwamba hataki uuguzi aliotafutiwa. Anataka kuwa fundi rangi.

Babu alikuwa mzee wa kanisa, mtu wa kuvaa koti hata shambani. Aliweka kijiko chini taratibu. "Damari, upande ngazi na watu wamesimama chini?"

"Nitavaa suruali, baba."

"Hiyo ndiyo mbaya zaidi."

Bibi aligeukia ukutani akajifanya anakohoa. Kulikuwa na fundi mmoja kule Mombo aliyekuwa tayari kumpokea Shangazi na kumfundisha kazi, lakini alitaka ruhusa ya mzazi, na bila neno la Babu safari hiyo isingekuwepo. Shangazi aliomba, akanuna, akaomba tena. Mwishowe Babu, ili mradi tu mazungumzo yaishe, akasema: "Haya. Kapake choo. Ukimaliza tutaongea." Alidhani amemtukana. Shangazi akapiga magoti, akamshukuru.

Choo chenyewe kilikuwa cha shimo, kuta za udongo, nyuma ya migomba. Shangazi alikishughulikia kana kwamba askofu angelala humo. Alikwangua kuta, akaziba nyufa, akachanganya chokaa na chumvi ili ishike. Alichimba udongo mwekundu kwenye kingo za barabara, akauchekecha kwa kitambaa mpaka ukawa laini kama unga. Chini akapaka wekundu huo, juu akapaka weupe wa pea lililomenywa. Kisha akakata boksi la viatu kwa wembe, akatoboa umbo la yale maua madogo ya zambarau yanayoota kwenye miamba yenye unyevu msituni, akaligandamiza ukutani na kuligongagonga kwa kitambaa chenye rangi aliyoitengeneza kwa bluu ya kufulia na udongo wake. Mstari wa maua ukazunguka choo kizima. Mimi nilipewa brashi mara moja tu. Mbuzi wa Bibi alibaki na bega jekundu mpaka likizo ikaisha, na ikaamuliwa kimyakimya kwamba kipaji changu kielekezwe kwenye vitabu.

Tatizo likawa ukungu. Rangi haikukauka. Kila asubuhi maua yalikuwa yametiririka, yameota mashina ambayo Shangazi hakuyachora, naye akarudia upya huku akitukana hali ya hewa kwa Kishambaa. Ndipo alipoingiza jiko la mkaa ndani, akafunga mlango, bila kumwambia mtu. Babu akatoka na gazeti lake kwapani, akakuta moshi unapanda juu ya mlango wa choo.

"Nani yumo humo? Tokeni! Tokeni, jamani!"

Majirani wakaja mbio na ndoo za maji. Shangazi akasimama mlangoni, mikono ameitanua. "Msimwage! Ni mkaa tu, nakausha rangi yangu!" Jirani yetu Mama Kiondo, aliyefika wa kwanza, akachungulia juu ya bega lake. "Damari," akauliza, "humu mtu anaingia na viatu au anavua?"

Jumapili iliyofuata, nusu ya kwaya ilishikwa na haja njiani ikitoka kanisani. Babu alikereka. "Watu wanakuja kwangu kuangalia choo!" Lakini yeye mwenyewe alikuwa ameanza kulisoma gazeti lote humo, pamoja na matangazo. Kuhusu Mombo hakusema neno, na Shangazi aliacha kuuliza. Alipika, akafua, akangoja.

Kisha Mchungaji akaja kutembelea. Akaomba kuonyeshwa msalani, akakawia mpaka Bibi akaanza kuhofia maharage. Aliporudi, uso ulikuwa unang'aa. "Mzee, fundi huyu umemtoa Tanga? Darasa la watoto pale kanisani linahitaji mkono kama ule."

Babu aliangalia kikombe chake. Angeweza kujibu chochote. Shangazi alisimama na birika, chai ikifurika kutoka kikombe cha Mchungaji mpaka kwenye sahani.

"Ndiye huyo anayekumwagia chai," Babu akasema. "Lakini itabidi usubiri, Mchungaji. Kwanza anakwenda Mombo kujifunza."

Bibi alipiga kigelegele hata Mchungaji akaruka kitini.

Leo Shangazi ana mvi, hapandi tena ngazi, ila vijana wake hupaka nyumba kuanzia Mazinde mpaka Magoma. Mimi nina shahada mbili na sebule niliyoichagulia rangi mwenyewe. Imetoka kama uji uliolala. Nyumba ya Babu sasa ina choo cha ndani chenye vigae vyeupe, safi kabisa, na hakuna anayesingizia haja ili akione. Mwaka jana nilipita Lushoto mjini, nikakuta mabinti wawili, wanafunzi wa Shangazi, wako juu ya jukwaa la miti, ndani ya ovaroli, wakipaka ghorofa ya duka. "Shikamoo babu! Sogeza kiti, rangi itakudondokea!" mmoja alimpigia kelele mzee aliyekaa chini. "Marahaba," mzee akajibu, akasogeza kiti, akaendelea na redio yake. Watu walipita na vikapu vyao vya plamu na kabichi, na hakuna aliyeinua kichwa. Ni mimi tu niliyesimama katikati ya barabara, shingo juu, nikicheka peke yangu, mpaka mwendesha bodaboda akanipigia honi nimpishe.